Tatu Niliyoigeuza Kuwa Nane

Vijana wangu, mimi nililipwa kushuku watu kwa miaka ishirini na sita. Wako wanaolipwa kuhubiri na wako wanaolipwa kujenga. Mimi nililipwa kushika shati lililoshonwa na mtu mwenye jasho na watoto, nikaliuliza: wewe unanificha nini? Kilikuwa kiwanda cha nguo, kule eneo la viwanda, mashati ya kupelekwa ng'ambo, na kazi yangu ilikuwa ukaguzi. Kwa hivyo mkiniona dukani nabonyeza mkate kila upande, au nikimwuliza mchungaji hilo jengo la kanisa litaisha lini hasa, msikasirike. Kazi iliniingia mwilini, na mimi nilipostaafu yenyewe ilikataa.

Nawaandikia kwa sababu ya Mercy, mjukuu wangu. Anakaa mtaa wa Pipeline, ghorofa ya saba, na Jumapili moja moja huja kwangu Kayole kula chapati. Miezi michache nyuma alikuja na simu mkononi kama mtu aliyebeba kifaranga. Ndani ya simu kulikuwa na duara lililokatwa vipande: kazi, afya, mapenzi, imani, masomo, marafiki. Kila jioni anajipa alama, moja hadi kumi, na simu inamchorea alipokua na alipodumaa.

"Shosh, cheki," akaniambia. "Mwezi huu afya nimetoka nne nikafika saba. Imani ndiyo imelala."

"Nani anasoma hayo?"

"Hakuna mtu. Ni yangu tu."

"Na ulipoiingiza kwenye simu, ilikuuliza nini?"

Akacheka. Ilimwomba ruhusa ya kujua alipo, ya kuona namba za watu wake, na ya kujua analala saa ngapi. Mimi na marehemu mume wangu tuliishi pamoja mpaka kifo, na hakuwahi hata siku moja kuniuliza nimelala saa ngapi. Mtu usiyemjua akitaka kujua hilo, shika mkoba wako vizuri.

"Wacha basi tujaze yako," Mercy akasema. "Afya unajipa ngapi?"

"Nane," nikasema.

Ilitoka kabla sijafikiri. Nilipoisikia masikioni mwangu, niliirudisha chapati sahanini.

"Na marafiki?"

"Zima hiyo kitu."

Nilisema kwa ukali ambao Mercy hajawahi kuuona kwangu. Akazima, akamaliza chapati yake, akaondoka mapema. Msichana wa watu hakuwa amekosa lolote. Nane ile ndiyo ilikuwa na kesi, na kesi yenyewe ni ya zamani. Nitawaambia, kwa sababu najua wengi wenu mna maduara kama yake, ama daftari, ama karatasi imebandikwa ukutani.

Nilipoingia kiwandani nilikuwa mshonaji wa mifuko. Mifuko tu, kutwa nzima, mpaka ukilala unaota unamshonea mtu mfuko kwenye shavu. Baadaye nikahamishwa kwenye meza ya ukaguzi ya Laini ya Nne, mstari wa nne wa cherehani, chini ya Mama Nekesa. Huyu alikuwa mwanamke wa upande wa Bungoma, mrefu, mwenye maneno machache na mikono mikubwa ambayo ungedhani ni ya mpasua kuni. Hakuna mikono niliyowahi kuona ikigusa kitambaa kwa upole kama ile.

Siku yangu ya kwanza nilipitisha rundo zima kabla ya chai. Nilijiona bingwa. Mama Nekesa alichukua shati moja juu ya rundo langu, akaligeuza ndani nje, akaniwekea kwapa mbele ya uso. Mshono ulikuwa umeruka, shimo la kupitisha kidole.

"Mwende," akaniambia, "shati likijua linaangaliwa mbele, uongo wote huhamia kwapani."

Alinifundisha hivi. Usianze na kola, kila mshonaji anajua utaanza na kola. Geuza ndani kwanza. Shika mshono kwa vidole gumba viwili uvute, mshono mzuri unakasirika, mbaya unacheka. Peleka nguo dirishani, usiiamini taa ya juu, maana taa ya kiwanda huzipendelea nguo. Vifungo vihesabu kwa vidole huku unaangalia kando, kwa sababu jicho huhesabu kile linachotarajia. Na ujue saa. Mshono wa saa nane mchana una usingizi, mshono wa Ijumaa jioni una haraka, na mshono wa Jumatatu asubuhi, ukiunusa vizuri, unaweza kukwambia mwenyewe Jumapili alikuwa wapi.

Kosa langu kubwa la mwanzo lilikuwa kola. Mshonaji mmoja, rafiki yangu wa kanisani, alikuwa na mtoto mgonjwa nyumbani, na wiki ile kola zake zilikuwa na ncha moja ndefu kuliko nyingine. Niliziona nikazipitisha. Nilimhurumia. Mama Nekesa alizikuta kwenye katoni, tayari kufungwa. Hakutuchongea kwa supavaisa. Alituketisha sisi wawili, akatupa wembe kila mmoja, tukafumua kola moja moja, naye akiwa hapo hapo anafumua pamoja nasi.

"Unaona huruma yako?" akaniuliza. "Imempa rafiki yako kazi mara mbili."

Mngedhani nilisikia. Nilisikia kwa mashati.

Sasa, kuna mwaka kiwanda kililetewa afisa mpya wa wafanyakazi, Madam Lilian. Alikuwa kijana, ametoka chuo juzi juzi, viatu vyake havijawahi kukanyaga pamba ya sakafuni. Alituita uwanjani wakati wa chakula cha mchana, akatugawia kila mtu daftari dogo la kijani. Ndani mlikuwa na safu tano: kazi, afya, nyumbani, masomo, roho. Kila Ijumaa ujipe alama katika kila safu, moja hadi kumi, halafu daftari zikusanywe.

"Tunataka mkue kama watu," akasema, "si kama mikono tu."

Watu wakapiga makofi. Mimi nilitazama lile tabasamu lake nikatamani kuligeuza ndani nje.

Kisha akaongeza: "Atakayejipa chini ya tano mahali popote, tutamwita ofisini tuzungumze."

Makofi yakakatika. Katika kiwanda kile, kuitwa ofisini lilikuwa neno lenye maana moja. Waliokwenda ofisini walirudi kuchukua sweta na chupa ya chai, basi. Kabla kengele haijalia, habari ilikuwa imeshafika vyooni na kurudi: wanatafuta wagonjwa wawaondoe. Wanatafuta wenye matatizo nyumbani, kwa sababu hao ndio hukosa kazini. Hivi vitabu ni mtego.

Niliamini kila neno. Na kuwaambia ukweli, hata leo sijui kama nilikosea kuamini.

Laini ya Nne ilinichagua mimi niwe mkusanyaji wa madaftari, eti nina mwandiko mzuri na mdomo mbaya. Nikafanya darasa pale kwenye bomba la maji. Niliwaambia: msiandike kumi, kumi inaita macho. Msirudie namba moja kila wiki, maisha ya kweli hupanda na kushuka, kwa hivyo chezeni kati ya saba na nane, mara moja moja sita na nusu. Kwenye masomo jishusheni kidogo, wafurahi kwamba mna kiu ya elimu. Mtu aliyejua rekodi ya kweli inavyofanana ndiye angeweza kuwafundisha ya uongo, na mimi nilijua.

Tukacheka sana siku ile. Ndani ya wiki tatu Laini ya Nne ikawa na watu wenye afya kuliko wote mjini, wacha Mungu, wenye ndoa tamu. Dada mmoja alikuwa anakuja kazini na shingo imefungwa leso, na sote tulijua ni kwa nini. Safu ya nyumbani aliandika nane. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemzika mume wangu miezi minne tu iliyopita. Nyumbani nikaandika saba.

Aliyekataa alikuwa mmoja, Mama Nekesa.

Ijumaa ya kwanza nilifungua daftari lake nikaona afya, tatu. Nikamwendea mezani.

"Mama Nekesa, umekosea hapa."

"Wapi?"

"Kwenye afya. Umeandika tatu."

"Ni tatu."

Akaniambia bila kuinua kichwa kutoka kwenye shati. Jicho la kushoto lina ukungu, kama kioo cha dirisha siku ya mvua. Akitazama taa anaona imezungukwa na rangi rangi. Kichwa kinamgonga upande ule ule. Kwao mtaa wa Huruma, ngazi za ploti, lile jengo la vyumba vya kupanga, anazipanda ameshika ukuta.

Si kwamba nilikuwa sijui. Miezi kadhaa nilikuwa nimeona mashati yakipita mikononi mwake na kasoro ambazo zamani angezikamata amefumba macho. Akienda chai, mimi nilirudia meza yake haraka haraka, nikatoa mabaya, nikayaweka kwenye rundo langu kana kwamba nimeyakuta mimi.

"Watakuita ofisini," nikamwambia.

"Waniite."

"Watakutoa, Mama. Na wale wajukuu?"

Hapo ndipo aliponitazama. "Mwende, nimewarudishia watu mashati yao miaka yote hii. Leo nijipitishe mimi mwenyewe?"

Nilibeba daftari zangu nikaenda kona ya stoo. Mnajua namba tatu ilivyo. Imefunguka upande mmoja kama mtu aliyenyoosha mikono aombe. Ukiifunga upande huo kwa kalamu, mara mbili tu, inakuwa nane. Kalamu ilikuwa ya bluu, na yake ilikuwa ya bluu. Haikuchukua muda wa kupiga chafya. Kila wiki ilikuwa na ukurasa wake, na yeye hakuwa mtu wa kurudi nyuma. Nilipeleka daftari ofisini, nikarudi mezani, nikamwona ameinama pale na shati karibu na pua, nikajisikia mtu mwema.

Nilifanya hivyo Ijumaa tisa.

Mniulize sasa, kwa nini hukumwambia? Kwa sababu nilijua angekataa. Mtu akikufanyia wema ambao hawezi kukwambia, vijana, ukague huo wema kwapani.

Baada ya Ijumaa ya tisa, Madam Lilian alituita tena uwanjani na karatasi mkononi. Akasoma majina sita. Mimi nilijua hao ndio wa kwanza kufukuzwa, nikawa namshukuru Mungu kwa kila jina ambalo halikuwa la Laini ya Nne. Halafu akasema hao sita, waliojipa alama za chini kwenye afya na kueleza walipoitwa ofisini asubuhi ile kwamba shida ni macho, wiki ijayo watapelekwa kwa daktari wa macho, kiwanda kitagharimia.

Kutoka Laini ya Nne, yenye afya kuliko zote, hakukuwa na hata jina moja.

Mnajua nilifikiri nini? Nilifikiri ni uongo. Nikawanong'onezea watu wangu: mtaona, hao hawarudi. Wiki iliyofuata wakarudi wote sita. Wanne walikuwa wamevaa miwani, wawili walipewa dawa za matone. Mmoja wao, mzee wa stoo, alisimama mlangoni akatazama kiwanda chote kama mtu aliyehamia jana.

Siku hiyo hiyo Mama Nekesa alivua aproni, akaikunja, akaenda ofisini mwenyewe. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale kizingitini na daftari za wiki ile kifuani. Nilisikia kila kitu.

"Madam, na mimi je? Mimi niliandika tatu."

Madam Lilian hakuwa na ubaya naye. Alitafuta daftari kwenye rundo, akalifungua, akamgeuzia. "Mama, hapa kuna nane. Wiki zote ni nane. Hata nilikuwa nasema, huyu mama wa Laini ya Nne ana bahati."

Mama Nekesa alilichukua. Akalipeleka dirishani, kama alivyonifundisha. Akalileta puani. Akalisogeza mbali. Akafungua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mimi kinywa kilikuwa kimejaa maneno na meno yalikuwa yamefunga mlango. Nikisema, nafukuzwa kwa kughushi, na watoto wangu baba yao yuko kaburini. Nisiposema, labda atang'ang'ania, labda atasema hii si kalamu yangu.

Hakusema hivyo. Alilirudisha daftari kwa mikono miwili.

"Samahani, madam. Basi nilikosea mimi."

"Usijali, Mama. Mwakani daktari atakuja tena. Jaza vizuri tu."

Akanipita mlangoni. Aliniwekea mkono begani kidogo, ili asijikwae kizingiti.

Mwakani haikufika. Madam Lilian aliondoka, sijui alihamishwa ama alichoka. Akaja meneja mpya ambaye hakutaka mambo ya roho na masomo. Lakini yale madaftari ya kijani niliyaona kwa macho yangu yakibebwa kwenye sanduku kuingia ofisini kwake. Kazi zilipopungua na watu wakaanza kupunguzwa, mimi nilihesabu kimoyomoyo nikaona wengi walioondoka kwanza walikuwa ni wale waliojishusha kwenye safu ya kazi. Sina ushahidi. Labda ni macho yangu yaliyokuwa yanatafuta. Lakini kama mnataka niwaambie kwamba ofisi ilikuwa njema na mimi ndiye nilikuwa mbaya, siwezi kuwapa hiyo. Mtu mmoja alikusanya zile namba kwa nia njema, na mwingine akazirithi. Namba haijui imeandikwa kwa nia gani. Ndiyo maana nilimuuliza Mercy, nani anasoma?

Mama Nekesa aliacha kazi kabla mwaka haujaisha. Jicho la kushoto lilikuwa limezima. Alipofika kwa daktari mwenyewe, aliambiwa ni presha ya macho, na kwamba kama angekuja mapema lingeshikwa pale lilipokuwa. Aliniambia hivyo siku ya kuaga, kwa sauti ya kawaida kabisa, akinikabidhi mkasi wake mdogo wa kukatia nyuzi. Nikaupokea. Ndiyo, niliupokea.

Mimi niliendelea na meza ile mpaka nikastaafu. Nikawa hodari. Wasichana wapya waliniogopa. Kwake Huruma nilikwenda mara chache, Krismasi, Pasaka. Nilimpelekea sukari, unga, majani ya chai, na kila kitu isipokuwa ukweli. Nilikaa karibu na mlango kila mara, kama mtu aliyeacha sufuria jikoni.

Niwaambie sasa ninachojua kuhusu kujipima, halafu nimalize habari yangu.

Mimi sipingi mtu kujifuatilia. Asiyejiangalia huota magugu. Lakini shukuni namba zenu. Ukiona wiki nne mfululizo umejipa saba, hujajipima, umejipitisha. Ukiona Jumapili baada ya ibada imani imepanda kumi, ngoja Jumatano ukiwa umelala njaa na bosi amekutukana, ndipo uandike. Mimi nikimkagua kijana leo simwulizi amekua kiasi gani. Namwuliza: mara ya mwisho uliomba msamaha lini, na kwa nani? Mara ya mwisho ulipanda ngazi bila kupumzika lini? Mara ya mwisho mama yako alipocheka ukiwa naye, ni nini kilichomchekesha? Andika hayo. Tukio ni gumu kulighushi. Namba hufungwa upande mmoja ikawa nyingine.

Na jambo jingine. Muwe na mtu mmoja anayewajua, mumsomee. Mtu mmoja tu, lakini awe na ruhusa ya kuwarudishia shati. Mimi nilikuwa naye, nikamziba mdomo kwa kalamu.

Basi Mercy alipoondoka Jumapili ile, sikukaa sawa. Jumanne asubuhi nikaenda Huruma. Ploti ya Mama Nekesa ina ngazi ambazo hata saa sita mchana ni giza. Nilipanda mpaka ghorofa ya nne nikamkuta ameketi dirishani, sinia mapajani, anachambua maharagwe kwa vidole. Nywele zote nyeupe. Akanijua kwa hatua.

"Mwende. Leo si sikukuu."

"Si sikukuu, Mama."

Sikukaa karibu na mlango. Nikavuta kigoda mpaka magoti yetu yakakaribia kugusana, nikamwambia. Sikupamba. Nikamwambia kona ya stoo, kalamu ya bluu, Ijumaa tisa. Nikamwambia nilikuwa kizingitini na nilisikia. Vidole vyake havikuacha kuchambua. Kijiwe kimoja akakitoa, akakiweka dirishani.

"Nane zote tisa ni zako?"

"Zote, Mama."

Chini mtoto alikuwa analia, mama fulani anamwita mtu wa maji. Nilidhani atazungumzia jicho.

"Madam aliponionyesha lile daftari," akasema mwishowe, "nilijua si macho peke yake. Nilijua ni akili. Mtu anakusudia tatu, mkono unaandika nane, wiki tisa! Hata tulivyobishana mezani juu ya ile tatu nikadhani niliota. Nikaogopa, Mwende. Bibi yangu alimaliza hivyo, anaita watu waliokufa. Nikasema imenifikia."

"Mama..."

"Ngoja. Tangu siku ile sikuandika tena. Barua ya binti yangu nilimwomba jirani. Kanisani walitaka niwe mweka kumbukumbu wa akina mama, nikakataa. Watu wanadhani niliacha kazi kwa sababu ya jicho. Mkaguzi wa jicho moja anaweza kukagua, vidole vipo. Lakini mkaguzi asiyeuamini mkono wake mwenyewe atakagua nini?"

Vijana, mimi nilikuwa nimebeba jicho miaka yote. Nililia jicho, niliomba juu ya jicho. Sikujua kwamba nilikuwa nimechukua kitu kingine kikubwa zaidi, na kwamba huyu mwanamke alikuwa ameishi miaka yote hiyo akingoja akili yake imtoroke, na akili yenyewe ilikuwa nzima, imekaa hapo, inachambua maharagwe bila kukosea.

"Kwa hivyo niliandika tatu," akasema.

"Uliandika tatu. Kila Ijumaa. Tatu kubwa, nzuri."

Akashusha pumzi ndefu, sijui niwaeleze vipi, kama mtu aliyetua mtungi. Halafu uso ukakaza.

"Leo sijakusamehe. Usije ukaenda ukajidanganya kwamba nimekusamehe. Siku nikikusamehe nitakwambia kwa mdomo wangu."

"Sawa, Mama."

"Na sukari yako uache kuileta. Alhamisi nina kliniki ya jicho lililobaki. Wajukuu wako kazini. Utakuja unishike kwenye ngazi."

Nilikuja Alhamisi. Tulishuka ngazi pole pole, mkono wake mkubwa kwenye kiwiko changu, na njiani aliniuliza mambo ambayo hajawahi kuniuliza. Mwaka ule wa madaftari, nyumbani uliandika ngapi? Nikamwambia saba. Ilikuwa ngapi kweli? Nikamwambia sifuri, Mama, nilikuwa nalala sakafuni kwa sababu kitanda kilinitisha. Akasema, "Na mimi nilikuwa meza ya kando yako, nisione."

Kliniki ilijaa. Zamu yake ilipofika, muuguzi, binti mmoja mwenye sauti ya uchovu, alimketisha mbele ya ule ubao wenye herufi moja inayogeuzwa huku na huku, na mgonjwa anaonyesha kwa vidole imeelekea wapi. Akanigeukia mimi: "Aliyemleta mgonjwa asimsaidie."

Mstari wa kwanza Mama Nekesa alipata. Wa pili akapata. Wa tatu akasita, akapata. Wa nne, herufi ilikuwa imeelekea kulia, yeye akaonyesha kushoto. Nyingine ilikuwa chini, akaonyesha juu. Mkono wangu uliokuwa pajani ulitaka kuinuka wenyewe. Nilijua nikikohoa kidogo tu atanielewa. Niliukalia ule mkono, kweli kabisa, niliuweka chini ya paja nikaukalia.

Mama Nekesa akageuka kwenye kiti.

"Mwende, wa mwisho nimepata?"

Muuguzi akanitolea macho. Mimi nikamtazama Mama Nekesa, jicho moja limezima na lingine linanisubiri.

"Hapana, Mama. Mstari wa nne umekosa herufi mbili."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, akamgeukia yule binti. "Umesikia? Andika hivyo hivyo."

Daktari alisoma, akauliza maswali, akabadilisha matone siku hiyo hiyo, akasema tumewahi. Mpaka leo jicho la kulia linashika. Juma lililopita Mama Nekesa alimwandikia binti yake barua mwenyewe, herufi kubwa zinazopanda mlima, akanipa niipeleke posta bila kuifunga. Sikuisoma.

Msamaha bado sijaambiwa, na siulizi.